Leseni ya Ukutani

Wiki jana tulimwacha Sajini Tafadhali katikati ya barabara, mkono juu, kipenga mdomoni, na gari jeupe la shule ya udereva likimjia taratibu. Taa yake ya breki ya kushoto imekufa. Na aliyeketi kando ya dereva ni Mwalimu Breki, baba wa msichana ambaye Sajini amemposa mara mbili na kujibiwa mara mbili: "Binti yangu haolewi na askari wa barabarani."

Barua zenu zimenifikia. Mmoja wenu ameandika, "Mwandishi, mshushe huyo kijana mkono, ajifanye anajikuna kichwa." Ndugu yangu, ningependa sana. Lakini ng'ambo ya barabara, ndani ya gari la polisi lililoegeshwa kivulini, yupo Inspekta mpya na daftari lake. Kahamia mjini mwezi uliopita, na juu ya meza yake ameikuta barua isiyo na jina inayodai kwamba Sajini huwaachia watu anaowajua. Asubuhi hii kaja kujionea. Kijana akiteleza mara moja tu, anarudishwa stoo ya majalada kula vumbi.

Kwa hiyo mkono haukushuka. Kipenga kikalia.

"Mwalimu! Tunasimamishwa!" alisema dereva wa gari jeupe, kwa furaha kama aliyeshinda bahati nasibu.

Dereva mwenyewe alikuwa Mama Mkunga, mwanamke wa makamo aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mji ule. Kachoka kusubiri kubebwa kila mjamzito anaposhikwa na uchungu, ndiyo maana anajifunza kuendesha. Mtihani wake ni kesho.

"Endelea," Mwalimu Breki alisema, meno yameumana. "Huyo namjua."

"Niendelee vipi, na wewe ndiye uliyenifundisha somo la kusimamishwa?"

Akawasha indiketa. Akasogea pembeni, akasimama, akavuta breki ya mkono, akazima injini, akashusha kioo, kisha akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Kila hatua aliitaja kwa sauti, na alipomaliza alimgeukia mwalimu wake apewe sifa. Mwalimu hakuwa na sifa siku hiyo. Mguu wake ulikuwa ungali umekandamiza breki ya pili, ile ya upande wa mwalimu, ambayo ndiyo iliyompa jina.

Sajini Tafadhali ana utaratibu wake, na kama hamkuusoma huko nyuma nitawaambia sasa. Hasimamishi gari popote ila mbele ya duka la vioo. Mwenye duka huegemeza vioo vyake vikubwa nje, ukutani, na kimoja ameombwa akielekeze barabarani. Gari likisimama hapo, dereva akigeuka anaiona nyuma ya gari lake mwenyewe, taa zote, hakuna ubishi. Wenzake kazini humcheka. Lakini tangu aanze mtindo huo, hajawahi kutukanwa kwa sababu ya taa.

Akafika dirishani. Mdomo uliijua kazi yake.

"Habari za asubuhi, Mama. Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni Sajini wa usalama barabarani, namba yangu hii hapa kifuani. Nimewasimamisha kwa sababu taa ya breki ya kushoto haiwaki. Tafadhali..."

Hakumaliza. Mlango wa pili ulifunguliwa kwa kishindo, na Mwalimu Breki akatoka, kidole mbele.

"Mwalimu!" Mama Mkunga alipiga kelele, mikono bado juu ya usukani. "Hatushuki mpaka tuambiwe! Hatunyoosheani vidole! Umenifundisha wewe!"

"Wewe kaa kimya, uko darasani!"

"Ndiyo, niko darasani, na mwalimu anafeli!"

Mwalimu Breki akasimama pua kwa pua na mtu aliyetaka kuwa mkwe wake. "Taa zangu nazikagua kila asubuhi. Kila asubuhi! Nyinyi watu mnaona kosa hata pasipo na kosa. Nawajua tangu zamani."

"Sikuombi uniamini, Mwalimu," Sajini alisema. "Naomba ujionee. Mama, tafadhali kanyaga breki."

Mama Mkunga akakanyaga. Kwenye kioo kikubwa, taa ya kulia ikawaka nyekundu. Ya kushoto ikabaki giza.

Mwalimu Breki akakitazama kioo. Akalitazama gari. Akarudi kukitazama kioo, labda kimekosea.

"Asubuhi ilikuwa inawaka," alisema, na sauti ilikuwa imepungua nusu.

"Nakuamini. Balbu huwa haiagi. Kwa hili ni onyo tu. Duka la vipuri liko la tatu kutoka hapa, weka nyingine na tutakuwa tumemaliza."

Pumzi zikashuka. Hata mimi ninayeandika nilishusha yangu. Ng'ambo ya barabara Inspekta aliandika kitu daftarini. Mambo yangeishia hapo, watu wangepeana mikono, na mimi ningetafuta kazi nyingine. Lakini utaratibu una kifungu kimoja zaidi.

"Na kwa kuwa Mama ni mwanafunzi," Sajini akasema, "tafadhali, naomba nione leseni ya anayemsimamia."

Mwalimu Breki akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa wa suruali. Kisha mikono ikatulia, na uso ukapata rangi ya mtu aliyekumbuka pasi aliyoiacha kwenye moto.

"Iko ukutani," alisema.

"Wapi?"

"Ukutani! Ofisini kwangu! Kwenye fremu!"

Naam, wasomaji, na hakusema uongo. Shule ilipotimiza miaka ishirini, Mwalimu alikata shauri kuwaonyesha wateja kwamba hapo hafundishi mbabaishaji. Akaichukua leseni yake, ile yenyewe, akaitia kwenye fremu ya mbao chini ya kioo na kuitundika juu ya meza ya mapokezi. Chini yake akaandika kwa mkono: HAJAWAHI KUKOSEA. Tangu siku hiyo amekuwa akizunguka mjini akifundisha watu sheria, na leseni yake iko ofisini inapigwa picha na wageni.

"Kinyozi hajinyoi," alisema Mama Mkunga kupitia dirishani.

Simu ikapigwa. Haikupita robo saa, na huyo akaja mbio akikata kona ya benki, fremu kwapani: binti wa Mwalimu, anayefundisha alama za barabarani katika shule ya baba yake, msichana asiyejua kutembea polepole hata akiwa na nafasi.

"Habari za kazi, Afande," alimwambia Sajini, macho chini kwa heshima.

"Nzuri, dada," Sajini akajibu, macho juu kwenye waya za umeme.

"Dada!" Mama Mkunga akaangua kicheko. "Juzi mbele ya zahanati hukumwita dada!"

Mwalimu Breki akawatazama wote watatu, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu nani wa kumwadhibu kwanza. Kisha akaichukua fremu na kumsukumia Sajini kifuani. "Haya. Soma. Soma yote, ushibe."

Sajini akasoma. Jina lilionekana, picha ilionekana, Mwalimu wa enzi zile akiwa na nywele nyingi. Lakini ukingo wa fremu ulikuwa umeikalia sehemu ya chini ya kadi, pale penye tarehe.

"Tafadhali, Mwalimu, itoe humo. Tarehe haionekani."

"Tarehe ya nini? Mimi ni yule yule!"

"Baba, itoe tu," alisema bintiye. "Tunakodolewa macho."

Kweli walikuwa wanakodolewa. Mwenye duka la vioo alikuwa ametoka na kiti chake kabisa. Mwalimu akaigeuza fremu, akavikunjua vijimisumari kwa ncha ya ufunguo wa gari na kukibandua kibao cha nyuma.

Kadi ikamwangukia Sajini mkononi. Na pamoja nayo, kikateleza kikaratasi kilichokunjwa mara nne, cha manjano kwa uzee, kikaanguka chini kwenye lami.

Mwalimu Breki akakikanyaga. Katika maisha yake yote ya kukanyaga breki, hakuwahi kukanyaga kitu kwa kasi ile.

Sajini hakuona, alikuwa anasoma. Lakini bintiye aliona, na Mama Mkunga, ambaye hakuna kinachompita, aliona pia.

"Mwalimu," Sajini alisema polepole. "Leseni hii imekwisha muda."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili na miezi mitatu."

Mama Mkunga akafanya hesabu kwa vidole, bila kuvitoa kwenye usukani. "Kwa hiyo kesho nikifaulu, nitakuwa nimempita mwalimu wangu?"

Bintiye alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mwalimu Breki alisimama akiwa ameduwaa, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Mtu yule hakuwa mdanganyifu. Kwa miaka yote amekuwa akipita chini ya fremu ile akijivuna, na kilichomponza kilikuwa ubao mwembamba wa fremu, mapana yake kama kidole.

Kisha akafanya jambo la kipuuzi, kama afanyavyo mtu yeyote aliyebanwa.

"Kijana," alisema kwa sauti ya chini, "njoo hapa tuongee."

Yeye mwenyewe hakusogea, maana mguu ulikuwa bado juu ya kikaratasi. Sajini akasogea.

"Unamtaka binti yangu?"

"Namtaka, Mwalimu. Unajua."

"Basi funga hicho kitabu chako cha makosa. Balbu naweka, leseni naihuisha leo leo. Jumamosi njoo nyumbani na wazee wako, jibu ni ndiyo. Lakini ukiandika..." akavuta pumzi, "ukiandika, usinitafute tena."

Alidhani ananong'ona. Lakini mwalimu wa udereva huwa amezoea kupiga kelele ndani ya gari, na mnong'ono wake ulimfikia hata mwenye duka la vioo.

"Baba!" Binti akapiga hatua mbele. Machozi yalikuwa yanamlenga na hasira pia. "Umenifanya rushwa?"

"Sikusema rushwa, nimesema Jumamosi..."

"Umenitoa mimi ili usiandikiwe karatasi! Mimi!"

Mwalimu akaukazia mguu juu ya kikaratasi.

Sasa mtazameni kijana wetu. Kulia kwake amesimama msichana anayempenda kuliko kitu chochote. Mbele yake, mzee aliyesubiriwa mwaka mzima aseme ndiyo, na leo kaisema. Ng'ambo kuna Inspekta, ambaye kwa umbali ule hakuweza kusikia neno. Angefunga kitabu, nani angejua?

Akaibonyeza kalamu kichwa, na wino ukagusa karatasi. Aliandika kila mstari, mpaka wa mwisho.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Nikikuachia leo, hiyo Jumamosi utanikaribisha sebuleni ukijua mimi ni mtu wa kununuliwa. Mkwe wa namna hiyo hata mimi nisingemtaka." Akamnyooshea kitabu na kalamu. "Tafadhali, weka sahihi hapa. Ukiona nimekosea una haki ya kupinga, imeandikwa hapo chini. Na gari lisiendeshwe na wewe wala Mama. Binti yako ana leseni, atawarudisha."

Mwalimu Breki hakuishika kalamu. Alikuwa anamtazama Sajini kwa namna ya ajabu. "Nina haki ya kupinga?"

"Ndiyo. Kila mtu anayo."

"Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo," alisema, kama anajisemea mwenyewe.

"Baba," bintiye akasema, "ondoa mguu."

"Mguu gani?"

"Huo uliousahau hapo tangu fremu ifunguliwe."

Mguu ukaondoka. Binti akainama, akakiokota kikaratasi, akakikunjua. Kilikuwa karatasi ya kosa, kama ile aliyoiandika Sajini sasa hivi, ila ya mtindo wa zamani. Akaisoma kwa sauti.

"Miaka ishirini na tisa iliyopita. Jina la dereva... Baba, ni wewe! Kosa, taa ya breki haiwaki. Mwandikaji, Konstebo." Akageuza. "Mahali pa sahihi ya dereva ni patupu. Na pembeni hapa kuna mwandiko wako. Umeandika, 'Taa ilikuwa inawaka.'"

HAJAWAHI KUKOSEA ilikuwa imetundikwa ukutani tangu shule itimize miaka ishirini, na nyuma yake imebanwa karatasi ya kosa.

"Kadi ilikuwa inacheza ndani ya fremu," Mwalimu alijitetea. "Nikaikazia na karatasi iliyokuwa karibu."

"Baba."

Mzee akashusha mabega. "Haya. Sikuwa nimemjua mama yako bado, Mungu amrehemu. Nilikuwa na mchumba, naye alikuwa askari wa barabarani. Tulikuwa tumeshapanga hadi tarehe. Siku moja akanisimamisha, mkubwa wake kasimama nyuma yake. Akasema taa haiwaki. Nikamwambia inawaka, njoo tuitazame pamoja. Hakutaka kutazama! Nikamwambia, ukiandika, usinitafute tena. Akaandika. Na hakunitafuta."

"Ni maneno yale yale uliyomwambia huyu," bintiye alisema taratibu.

Mwalimu akakitazama kile kioo kikubwa, na taa ya kushoto iliyokuwa giza kwelikweli. Kisha akaichukua kalamu mkononi mwa Sajini, akatia sahihi, kubwa, ya kifahari, kama anasaini cheti.

"Huyu amenipa nafasi ya kuona kwa macho yangu," alisema. "Nilichokuwa nakidai miaka ishirini na tisa nimepewa leo, tena na nani." Akamrudishia Sajini kitabu. "Jumamosi. Saa nne asubuhi. Njoo na wazee wako, na usiniletee tafadhali zako mlangoni, gonga tu uingie. Lakini si mimi wa kusema ndiyo. Muulize mwenyewe."

Sajini akageuka. Hakupata hata nafasi ya kuuliza.

"Ndiyo," alisema binti. "Na ile ndiyo ya baba tumeifuta. Hii ni yangu."

Mama Mkunga akapiga vigelegele mpaka kioo kimoja dukani kikatikisika. Mikono, nawahakikishia, haikutoka kwenye usukani. Mwenye duka akapiga makofi. Sajini Tafadhali, ambaye hakosi neno, alikosa hata lile lake.

Wala hakuna aliyekuwa amesikia mlango wa gari la polisi ukifungwa.

"Kazi safi, Sajini," sauti ya kike ikasema nyuma yao. "Ile barua isiyo na jina naichana leo."

Inspekta alikuwa amevuka barabara. Mwanamke wa makamo, sare imenyooka, kofia imeshuka usoni. Sajini akapiga saluti. Inspekta hakuiona, maana macho yake yalikuwa kwenye kile kikaratasi cha manjano mkononi mwa binti.

"Naomba niitazame," alisema.

Mwalimu Breki aliisikia sauti ile, na uso wake ukabadilika. Akatafuta pa kukanyaga, hakupata.

Inspekta akaisoma karatasi, juu mpaka chini. Alipofika pembeni, kwenye yale maneno matatu, kidole chake kikasimama hapo.

"Pete hana," Mama Mkunga alimnong'oneza binti kupitia dirishani. "Nimeangalia."

"Hukuitia sahihi," Inspekta alisema.

"Sikuwa na kosa," alijibu Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya kijana wa miaka ishirini na tisa iliyopita. "Ulijua. Nataka useme leo, mbele ya watoto hawa. Ulijua?"

Inspekta akavua kofia. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuingia mvi.

"Nilikuwa nimeshaitazama kabla hujashuka," alisema. "Ilikuwa inawaka. Na mtu aliyenilazimisha niandike bado yupo mjini hapa, na unamfahamu vizuri sana."